African Storybook darasani: vitabu vya bure ambavyo watoto wangu wamevisoma mpaka vimechakaa

Walimu wenzangu, na nyie wazazi mnaoulizana kila siku vitabu vya hadithi vya watoto vinapatikana wapi bila kuvunja kibubu, leo naizungumzia African Storybook. Nimeitumia darasa la pili na la tatu kwa muda wa kutosha kuweza kuisemea, kwahiyo mwenye haraka achukue jibu hapa hapa: itumie, ni bure, Kiswahili kimo kingi, mi naipa nyota nne kati ya tano. Ila vitabu peke yake havimfanyi mtoto awe msomaji, inategemea unavitumiaje, na hapo ndo nitakaa sana maana ndo kitu watu hawakielezi wanapoisifia.

Kwa asiyeijua, ni maktaba ya hadithi za picha iliyoko mtandaoni, africanstorybook.org, inaendeshwa na Saide, shirika la elimu lenye makao yake Johannesburg, na maktaba yenyewe ilianza kazi mwaka 2014. Hadithi ziko maelfu, lugha za Afrika zaidi ya 200, utakuta Kiswahili, Kimasai, Kiluo, Luganda, Kizulu na nyingine kibao. Kusoma hakuhitaji kujisajili wala kulipia. Unachagua lugha, unachagua kiwango, unashusha PDF, basi. Kuna na programu ya simu, African Storybook Reader, ukishaishusha hadithi ukiwa na bando unaisoma hata siku huna bando, na kwa sisi tunaofundisha sehemu ambazo mtandao unakuja na kuondoka hilo ni jambo kubwa sana. Halafu leseni yake ni ile huria ya Creative Commons, yaani unaruhusiwa kabisa kuprinti, kurudufu, kutafsiri, hata kurekebisha hadithi iendane na watoto wako, mradi majina ya waliotunga na kuchora yabaki pale. Kitabu cha dukani huwezi kukirudufu nakala arobaini ukawa na amani moyoni, hiki unarudufu mchana kweupe.

Sasa kwa nini nahangaika na vitabu vya hadithi wakati vitabu vya kiada vipo? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Tangu 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili yalielekezwa kwenye KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, na mi naona kwenye silabi tumefanya kazi nzuri, ukiingia darasa la kwanza leo ba be bi bo bu wanazipiga mpaka paa linatikisika. Mwaka 2016 elimu bila ada ikaanza, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wakaja shule, jambo jema kabisa, ila madarasa yakajaa. Darasa langu lina watoto zaidi ya 80. Kitabu cha kiada wanashea, wanakisoma kwa pamoja, mwalimu anatangulia wao wanafuata, mwisho wa mwezi wote wanakijua kichwani. Mgeni akija akamsimamisha mtoto yeyote, anasoma ukurasa mzima bila kukosea, mgeni anapiga makofi anaondoka. Mi huwa namwambia mtoto aanzie mstari wa katikati, au naziba picha kwa mkono, hapo ndo unamjua anayesoma na anayekumbuka.

Na Kiswahili chetu kina ugumu wake ambao ukishavuka silabi ndo unaanza. Herufi zetu ni rahisi, kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa, mtoto akishazijua silabi anaweza kutamka karibu neno lolote. Lakini maneno ni marefu jamani. Chukua neno "hawakumwambia". Mtoto anaweka kidole, anaanza: ha... wa... ku... mwa... hapo anasimama kidogo, anavuta pumzi, mbi... a. Amemaliza, na kila silabi ameitamka sawasawa, halafu unamuuliza nani hakumwambia nani, anakuangalia tu. Alipofika mwisho wa neno mwanzo ulishapotea, na mambo yote ya maana, nani kafanya, kafanya au hakufanya, lini, kamfanyia nani, yamekaa huko mwanzo na katikati. Huyo mtoto sio mzito. Anachohitaji ni kukutana na hawaku-, wakam-, alipom- mara nyingi mno mpaka jicho lizishike kwa mkupuo bila kuzikata, na hiyo haiji kwa kurudia kitabu kimoja alichokikariri, inakuja kwa kusoma vingi, vyembamba, vyepesi, vipya kwake. Hapo ndo African Storybook imenisaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu ya wingi. Kwa hela ambayo ningenunua vitabu vichache vya dukani nimeweza kuwa na katoni nzima.

Hadithi zimepangwa kwa viwango vitano. Cha kwanza ni maneno ya mwanzo, ukurasa una picha kubwa na neno moja au sentensi fupi. Cha pili sentensi, cha tatu aya fupi, cha nne aya ndefu zaidi, cha tano ni hadithi za mwalimu kuwasomea watoto kwa sauti. Ni mpango mzuri lakini usiufuate kama msahafu. Kiwango kinaangalia zaidi wingi wa maneno kwenye ukurasa, hakijali urefu wa neno lenyewe. Kwa Kiingereza maneno manane mafupi ni sentensi ndogo, kwa Kiswahili maneno manne yanaweza kuwa mzigo. Hadithi ya kiwango cha kwanza yenye "Anamkimbilia" inamshinda mtoto ambaye hadithi ya kiwango cha pili yenye "Baba ana kuku. Kuku ana mayai" anaisoma huku anacheka. Kwahiyo mi nazisoma zote kwanza, naangalia vitenzi, naangalia mbw, ngw, nyw, ng' zimerundikana kiasi gani, halafu nabandika kitambaa kwenye uti wa kitabu: kijani, njano, nyekundu. Kijani ndo vyepesi. Watoto hawajui habari za viwango, wanajua rangi tu.

Kuchagua wanachagua wenyewe. Hilo nalishikilia sana na walimu wengine tunabishana sana kwa sababu yake ofisini. Wao wanasema ukimwachia mtoto achague atachukua chepesi kila siku. Sawa, na achukue! Mtoto aliyesoma vitabu vyepesi vingi akamaliza vyote anapata kitu ambacho watoto wetu wengi hawajawahi kukipata, yaani kumaliza kitabu mwenyewe. Akishamaliza vya kutosha anachoka navyo na anasogea bila kusukumwa. Nimewafundisha kupima kwa vidole. Anafungua ukurasa wa katikati, anasoma kwa sauti ya chini, kila neno linalomshinda anakunja kidole. Kwa kitabu cha nyekundu vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, anakirudisha, hakimfai kwa leo. Kwa kijani, ambacho ukurasa una maneno machache, tunahesabu vidole viwili tu. Kitoto cha miaka nane kinakaa pale mbele ya katoni kinakunja vidole kwa umakini, kinarudisha kitabu, kinachukua kingine, hakuna aliyekifokea wala aliyekiambia "hichi hukiwezi". Kimejipima chenyewe. Mi naona kujiamini kunaanzia hapo hapo kwenye katoni kabla hata hajaanza kusoma.

Nataka niwaeleze habari ya mtoto mmoja, simtaji. Yuko darasa la tatu, mkubwa kwa umri na umbo kuliko wenzake, amehama shule zaidi ya mara moja, na kusoma alikuwa hawezi kabisa isipokuwa silabi zenye herufi mbili. Kitabu cha kijani hakigusi. Kwanini akiguse, wenzake wangemcheka, vile ni vya watoto. Anachukua chekundu, anafungua, anageuza kurasa kwa mwendo uleule wa wenzake, kipindi kinaisha. Ukipita mbali unaona anasoma. Nikaongea na mwalimu wa darasa la kwanza, tukakubaliana kwamba kila Ijumaa baadhi ya watoto wangu watakuwa wanaenda kuwasomea wale wadogo, na nikamchagua yeye awe mmojawapo. Nikamwambia wale wadogo hawawezi vitabu vigumu, kwahiyo chagua cha kijani, ukifanyie mazoezi vizuri wiki nzima, maana mwalimu hasomi kwa kukwama mbele ya wanafunzi wake. Basi akakichukua mbele ya watu bila aibu, ni kazi amepewa! Alifanya mazoezi na mimi mapumziko, alifanya peke yake chini ya mti, "ng'ombe" ilimsumbua sana, anasema n-gombe, anarudi, n-gombe, mpaka siku moja ikatoka yenyewe. Ijumaa alisimama mbele ya darasa la kwanza, mkono unatetemeka na kitabu kinatetemeka nao, akasoma kitabu kizima na akawaonyesha picha kila ukurasa akizungusha kitabu kama anavyoniona mimi nikifanya. Wale wadogo wakamwambia "tena". Siku hizi yuko njano, na anabishana na wenzake hadithi gani ni tamu, na ubishi wenyewe unaniambia mengi kuliko mtihani.

Kwahiyo mwenye mtoto mkubwa asiyejua kusoma, mpe kazi ya kumsomea mdogo. Usimpe kitabu chepesi mkononi hivi hivi, atakuchukia.

Kipindi chenyewe nakiendeshaje: kwanza nawasomea mimi, hadithi ya kiwango cha tano, kwa sauti, kwa mbwembwe zote, sauti ya fisi iwe ya fisi. Wakati mwingine nasimama kabla ya mwisho nawauliza mnadhani itakuwaje. Hapa sitafuti jibu sahihi, nataka wazoee kwamba anayesoma anafikiri. Halafu wanasoma wawili wawili, mmoja anasoma mwingine anasikiliza na kufuata kwa macho, wanabadilishana. Mwisho kila mtu peke yake, kimya. Kimya chao mwanzoni ni manong'ono ya nyuki maana bado wanasoma kwa midomo, usiwakataze, midomo itatulia yenyewe.

Kwenye ile ya wawili wawili kuna sheria moja ngumu kuliko zote na ndo imebadilisha darasa langu: mwenzako akikwama, nyamaza. Watoto wetu wamezoea mmoja akikwama darasa zima linapiga kelele jibu, na sisi walimu ndo wa kwanza, hatuvumilii hata sekunde tatu. Matokeo yake mtoto anajifunza kwamba ukikwama subiri, neno litakuja kutoka kwa mtu mwingine. Kwangu ukikwama unarudi mwanzo wa sentensi, unaangalia picha, unalikata neno, unaliunganisha tena, halafu unajiuliza je linaleta maana hapo? Ikishindikana kabisa ndo unamuuliza mwenzako, tena unauliza wewe, yeye hakupi bila kuombwa. Mwanzoni ilikuwa shida, walikuwa wanajiziba midomo kwa mikono miwili ili wasiseme. Sasa hivi wanaambiana "mwache afikiri".

Baada ya kitabu sitoi maswali matano ya ufahamu ubaoni. Najua mwalimu wa taaluma hapendi lakini nimegoma, mtoto akijua kila kitabu kina mtihani nyuma yake atakiogopa kitabu. Anamsimulia mwenzake hadithi kwa maneno yake, anaandika jina la kitabu kwenye daftari lake la vitabu na sentensi moja tu, nini kilimfurahisha au kumuudhi. Mmoja aliandika "Sungura amekosa adabu kwa bibi." Huyo ameelewa, sihitaji swali la pili.

Sasa gharama, maana watu wanasikia bure wanadhani hakuna hela itakayotoka. Kitabu ni bure, karatasi sio bure. Kwetu stesheneri kuprinti ukurasa wa nyeusi na nyeupe ni shilingi 200, fotokopi 100, rangi inaanzia 500, kwahiyo rangi sahau. Mi nafanya hivi: Adobe Reader, ile programu ya kompyuta ya kufungulia PDF, ina sehemu ya kuprinti kwa mtindo wa kijitabu, karatasi moja ya A4 inabeba kurasa nne, mbili mbele mbili nyuma, unakunja katikati unapiga stepla. Naprinti nakala mama moja, zingine zote ni fotokopi za hiyo. Hadithi ya kawaida ya kurasa kama 12 na majalada yake inakula karatasi nne, yaani shilingi 800 hivi kwa fotokopi. Kagua kazi kabla hujaondoka dukani! Kuna stesheneri moja walinifanyia rundo zima karatasi za nyuma zimegeuzwa kichwa chini, na hela walishachukua. Chagua hadithi zenye michoro ya mistari, zile za rangi nzito zikitoka nyeusi na nyeupe zinakuwa giza tupu, simba humuoni, na mtoto anayetegemea picha imsaidie neno unakuwa umemnyima msaada. Jalada weka manila, uti wa kitabu piga selotepu pana. Na kama hela ni ndogo usirudufu hadithi moja nakala ishirini, fanya hadithi nyingi nakala mbili mbili, maana ukiwa na nakala ishirini za hadithi moja umerudi kulekule kwa kitabu cha kiada na kukariri kwa pamoja.

Vya kutunzia, katoni linatosha kuanzia, halafu mimi nimefunga kamba ukutani na vibanio vya nguo, vitabu vinaning'inia majalada yanaonekana. Mtoto anachagua kitabu kwa sura ya jalada, vikipangwa kabatini mgongo nje havichukui, na vikifungiwa kwa mwalimu mkuu visiharibike ndo kabisa vimekufa. Vyangu vimechakaa, vingine vimepotea, vingine vimerudi vina mafuta ya maandazi, na sina malalamiko, kitabu kilichobaki kisafi mpaka mwisho wa mwaka ndo kinanitia wasiwasi.

Wazazi nao. Kwenye grupu la WhatsApp la darasa naweka PDF moja kila wikiendi, naambatanisha na sauti yangu fupi kwamba wiki hii watoto wakusomeeni hii. Nimesisitiza: mtoto ndo amsomee mzazi. Kuna bibi wa mtoto mmoja alikuja shule akaniambia kwa unyonge kwamba yeye hajui kusoma, atamsaidiaje mjukuu. Nikamwambia bibi we kaa naye usikilize, akikwama mwambie rudi nyuma kidogo mjukuu wangu, ukiona hadithi imepotea muulize nani huyo anaongea sasa. Hiyo ndo kazi ya mwalimu na yeye anaiweza. Kwa wenye simu ndogo zisizo na WhatsApp, mtoto anaazima kitabu Ijumaa anarudisha Jumatatu, monita anaandika kwenye daftari.

Mapungufu sasa, maana nyota moja nimeikata. Kwa sababu ni jukwaa la wazi, mtu yeyote anaweza kutunga au kutafsiri na kuchapisha, na matokeo ya mpango kama huo ni kwamba Kiswahili hakilingani. Kuna hadithi zimeandikwa vizuri mpaka unatamani wewe ndo ungezitunga, na kuna tafsiri ngumu ngumu zinazonuka lugha zilikotoka. Zilizopitiwa na wahariri wenyewe zinawekewa alama ya kuidhinishwa, anzia hizo. Halafu Kiswahili cha Nairobi, cha Dar na cha Lubumbashi ni ndugu lakini sio mapacha, utakutana na neno ambalo watoto wako hawalijui. Mi silioni hilo kama kosa, ni nafasi ya kuwaambia watoto kwamba lugha yetu ni kubwa, ila lazima mwalimu awe ameshasoma kabla. Na kwa kuwa leseni inaruhusu kurekebisha, neno likiwa gumu mno nabadilisha kabla ya kuprinti.

Hiyo ruhusa ya kutunga ina tamu yake pia ambayo wengi hawaigusi. Kuna programu nyingine, African Storybook Maker, ya kutengenezea hadithi zenu wenyewe. Shuleni kwetu mbuzi aliingia ofisi ya mwalimu mkuu akala karatasi za mahudhurio, watoto walicheka wiki nzima. Nikawaambia basi tuiandike. Wao wanasema, mimi naandika ubaoni vilevile walivyosema, tukarekebisha pamoja, waliojaliwa kuchora wakachora, nikapiga picha michoro nikaipanga kwenye simu. Kile kijitabu ndo kinachosomwa kuliko vyote kwenye kamba, hata wale wa kijani wanakisoma ingawa kwa maneno yake kingekuwa chekundu, sababu wanajua kila sentensi ilitoka mdomoni mwa nani. Mtoto ambaye sentensi yake imo kitabuni anajiona ni mtu wa vitabu, na ukishafika hapo kazi iliyobaki ni ndogo.

Wanaouliza kuhusu njia nyingine: StoryWeaver ya Pratham Books wa India, iliyofunguliwa 2015, inafanana na hii, bure vilevile na Kiswahili kipo, picha zake nyingi ni za kuvutia sana, ila hadithi nyingi chimbuko ni India kwahiyo utaeleza mambo mengi ya huko kabla hujaanza kusoma. Natumia zote mbili, kwa kuanzia nabaki na African Storybook maana watoto wanaona shamba, soko na bibi wanaowajua. Ukiwa na bajeti ya kununua, tafuta vitabu vilivyotoka chini ya Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza hapa Tanzania mwaka 1991, vimetungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo na mtoto anausikia utofauti. Na wale wa tableti, najua mtaniuliza. Pale Tanga kati ya 2017 na 2019 lilifanyika jaribio kubwa la shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 kwenye vijiji karibu 170 walipewa tableti zenye programu za Kiswahili wajifunze bila mwalimu, na watengenezaji wawili wa programu hizo, onebillion na Kitkit School, wakaibuka washindi. Kwa mtoto ambaye shule iko mbali naye naliheshimu sana jambo hilo, watoto walisogea kweli. Kwa darasa langu lenye watu 80 na soketi haipo, karatasi inashinda, na karatasi ina kitu kimoja zaidi, watoto wawili wanaweza kuinamia ukurasa mmoja wakagombana kwa hoja.

Kiingereza pia, kwa ufupi: hadithi nyingi ziko kwa lugha zote mbili na picha ni zilezile, kwahiyo aliyeisoma kwa Kiswahili akaielewa mpe ya Kiingereza, hadithi anayo kichwani tayari, anapambana na maneno tu.

Nani asihangaike nayo? Mwalimu wa darasa la tano na kuendelea. Mtoto ambaye ameshakuwa msomaji anamaliza hadithi ya kurasa 12 wakati unafuta ubao, anataka sura, anataka hadithi inayoendelea kesho, anataka kitabu cha kusoma siku tatu. Hapo African Storybook inakwisha kazi yake na ndo mahali mimi nimekwama sasa, kuna wasichana watatu na mvulana mmoja wamemaliza kamba nzima, nyekundu zote, na kila asubuhi wananiuliza "madam, vipya vimekuja?" Mwenye kujua pa kupata riwaya fupi za Kiswahili za watoto wa miaka kumi mpaka kumi na mbili, zenye maandishi makubwa kidogo na bei ambayo mwalimu anaiweza, naomba aniambie ni duka gani na shilingi ngapi.